Pole ya Barafuni

Mdogo wangu Valerian alikuwa akiota yeye, ninachoka mimi. Asubuhi angekuja jikoni na macho yale ya mtu aliyetoka mbali, akae, ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili, na kabla hajafungua mdomo nilishajua.

"Dada, amekuja tena."

"Amesema?"

"Hajasema."

Basi. Tunakunywa chai, namsogezea mkate, maisha yanaendelea.

Aliyekuwa akija ni mtu wa ndotoni, na ndoto yenyewe ilikuwa moja tu, miaka nenda miaka rudi. Valerian yuko kwenye uwanja wa barafu usio na ukuta wala mwisho. Barafu ni nyeupe mpaka huko inakokutana na anga, na yeye anateleza taratibu bila hata kusukuma mguu, hasikii baridi, hasikii chochote. Halafu kwa mbali anatokea mtu mwingine, naye anateleza, anamjia yeye. Kavaa kofia ngumu ya mchezo na uso hauonekani. Anakuja, anakuja, anafika karibu kabisa, anafungua mdomo aseme neno. Hapo Valerian anaamka.

Mimi sikuhitaji mganga wa kunifasiria. Nilimjua huyo mtu.

Sisi ni watu wa Bukoba. Wazazi walituleta Toronto Valerian akiwa bado anabebwa mgongoni, tukapanga ghorofani Crescent Town, na walipostaafu wakarudi zao nyumbani kula ndizi, wakaniachia fleti na mdogo wangu. Na mdogo wangu huyo, badala ya kupenda mpira wa miguu kama watoto wa watu, akapenda hoki. Hoki ya barafuni! Mtoto wa Kihaya, uliona wapi? Mama alikuwa akisema barafu kazi yake ni kupoza juisi, mtu mwenye akili haikanyagi. Lakini kuna siku nilikwenda kumtazama kwa mara ya kwanza. Wenzake walikuwa wanakimbia juu ya barafu. Yeye alikuwa anaelea. Nilikaa pale nimejikunyata kwenye koti langu na nikasahau kulalamika, na wanaonijua mimi Anastasia wanajua hilo si jambo dogo.

Alifika mbali. Mwaka 2004 alikuwa anachezea timu ya vijana katika mji mmoja mdogo huko kaskazini, na watu wa timu kubwa walishaanza kuja kumwangalia. Siku moja kijana wa timu pinzani akamsukuma kwa nyuma, kichwa kikaenda ukutani. Hakucheza tena. Daktari alisema akipigwa tena namna ile, atakuwa mtu wa kulishwa.

Alilazwa, na watu walikuja, jamani. Parokia nzima ilihamia hospitali, na masufuria ya matoke na rozari, mpaka manesi wakatukataza. Kila aliyeingia alisema pole, naye akajibu nimeshapoa, kama alivyofundishwa. Lakini macho yake yalikuwa mlangoni. Alikuwa anamngoja yule kijana. Hakutaka amlipe, hakutaka apige magoti. Alitaka aje aseme pole, halafu waongee habari za mchezo, yaishe.

Hakuja, wala hakupiga simu. Baadaye mchezaji mmoja alimnong'oneza Valerian kwamba wakili wa timu ile aliwakataza wasithubutu kutamka kitu. Kwa sababu huku, kwa Kiingereza, pole ni sori, na sori ni kuomba radhi, na ukiomba radhi umekiri kosa. Yaani neno la kumfariji mgonjwa limegeuzwa ushahidi! Nilichemka siku ile, nikasema maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa kwa kuwa Padri anaweza kuyasoma. Valerian yeye alingoja nimalize. Kisha akasema, "Dada, nataka kumjua huyo wakili anafikirije." Ndoto ilianza majira hayohayo.

Ndiyo maana alisomea sheria. Watu kanisani walidhani ni kwa ajili ya suti.

Alisoma chuo, akaenda kwenye sheria, na huku anasoma akawa kocha wa timu ya wasichana huko Scarborough. Kocha wa ajabu, nakwambia. Makocha wengine wanapiga kelele mpaka mishipa inawatoka shingoni. Huyu alikuwa ananong'ona. Kulikuwa na zoezi lake moja nililolipenda mno. Taa za upande mmoja zinazimwa, mashine ya kusafisha barafu imetoka kupita, na barafu inafuka mvuke mwembamba. Wasichana wanajipanga, wanafumba macho, wanaachia miguu. "Msitazame," anawaambia. "Sikilizeni chuma kinavyokata barafu, kitawaambia mlipo." Akipiga filimbi wanafumbua macho na kusimama. Ukiwatazama kutoka juu utadhani wanaota wote ndoto moja.

Katika wasichana wale alikuwamo Ruqayyah, binti wa Mzee Akberali, Mhindi wa kwetu, mtu wa Tanga, mwenye duka la vitambaa Agincourt. Msichana alikuwa na miaka kumi na minne, hijabu ndani ya kofia ngumu, na mbio za swala. Kiswahili alikisikia chote, lakini ukimsemesha alikujibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote wa huku. Baba yake na mimi tulikuwa tunakaa pamoja jukwaani na chupa yetu ya chai ya tangawizi, tunateta baridi. "Anastasia," alipenda kuniambia, "Tanga saa hizi watu wanajipepea." "Nyamaza, Baba Ruqayyah," nilikuwa namjibu, "usinitie machungu."

Basi, Januari ya 2014, katika zoezi hilohilo la kufumba macho, filimbi ililia, wenzake wakasimama, Ruqayyah akaendelea. Alikuwa ameinua uso kidogo, na anatabasamu. Nakumbuka tabasamu lile kwa sababu nilijisemea, huyu mtoto yuko wapi sasa? Halafu akaenda ukutani kwa bega, na tukasikia mfupa.

Valerian alifika kabla hatujasimama. Alipiga magoti barafuni, akamshika mkono mzima, akasema, "Pole mwanangu. Pole sana. Pole, pole." Akageuka kwa wazazi waliokuwa wanakuja mbio akasema kwa Kiingereza sori, sori. Mzee Akberali akamgusa begani akasema, "Asante, kocha." Gari la wagonjwa likaja likamchukua mtoto. Mtulinga, mfupa wa begani, ulikuwa umevunjika.

Kesho yake nilipika maandazi tuwapelekee. Naweka kwenye bakuli, Valerian anaingia, kanyong'onyea.

"Hatuendi, Dada."

"Hatuendi kufanyaje?"

Akanieleza. Alikuwa amebakiza miezi michache tu aapishwe kuwa wakili, na mwaka ule alikuwa anafanya mafunzo chini ya wakili mmoja mzoefu, Alnasir, naye mzaliwa wa Dar es Salaam. Alnasir alikuwa amemweka kitako. Usiende kwao, usipige simu, usitume hata ua. Umeshasema sori mbele ya watu, inatosha. Ni kweli kuna sheria hapa inayosema kuomba radhi si kukiri ukiwa mahakamani, lakini kamati ya mchezo si mahakama, wataamua wanavyojua. Na wewe ndiye uliyewafumbisha watoto macho. Wakisema ulizembea, ukocha umekwisha, na wanaoapisha mawakili wataanza kuuliza maswali kuhusu tabia yako. Alnasir hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamtetea mtu wake kwa njia anayoijua.

Lakini mimi nilipanda juu. "Mtoto wa watu amevunjika mbele ya macho yako, huendi kumpa pole? Umelelewa na nani wewe, na fisi?"

"Dada, nikienda, miaka kumi yote inapotea."

"Na usipokwenda?"

Maandazi tuliyala wenyewe.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Alikuwa anakwenda ofisini, anarudi, anakaa dirishani kutazama theluji inavyoshuka kwenye taa za maegesho. Theluji ikianguka Crescent Town huwa hakuna sauti kabisa, hata magari yanapita kama yamevaa soksi. Nilimhurumia na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja.

Halafu asubuhi moja akaja jikoni, hakushika hata kikombe.

"Amekuja?" nikamuuliza.

"Hapana, Dada. Leo nilikuwa mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuja. Uwanja uleule. Nimevaa ile kofia. Kwa mbali kuna msichana amekaa barafuni, ameshika bega, ananitazama nikimjia. Nikafika. Nikafungua mdomo." Akaweka kiganja mdomoni, akakitoa. "Hakuna kilichotoka."

Nilimmiminia chai tu.

Wiki hiyohiyo malalamiko yakafika kwenye kamati ya ligi, yameandikwa na Mzee Akberali, kwamba kocha alihatarisha mtoto wake. Alnasir akasema, unaona? Ungekwenda kule ingekuwaje? Na mimi, niliyekuwa nakunywa chai na Akberali kikombe kimoja, nikashindwa kuamini. Mtu yule aliyesema asante, kocha? Kuna kitu hapo, nikajisemea. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kamati ilikaa Jumamosi asubuhi, katika chumba cha juu kwenye uwanja uleule, chenye kioo kikubwa kinachotazama barafu. Valerian aliruhusiwa kuja na wakili na ndugu mmoja, kwa hiyo tuliingia watatu, yeye, Alnasir na mimi. Upande wa pili alikaa Mzee Akberali na Ruqayyah, mkono wake umefungwa kwa kitambaa shingoni. Mzee hakunitazama. Mwenyekiti alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, mpole, miwani yake ina kamba. Chini yetu mashine ya kusafisha barafu ilikuwa inazunguka polepole, inaacha njia inayong'aa nyuma yake, na mvuke unapanda. Nilijikuta naitazama hiyo tu. Ilikuwa kama chumba kizima kinaelea juu ya kitu fulani, na mtu akiongea kwa nguvu tutaanguka.

Alnasir aliongea vizuri, lazima niseme ukweli. Zoezi linajulikana, filimbi ilipigwa, mteja wangu hana la kuongeza. Mwenyekiti akamgeukia Mzee Akberali, akamuuliza anataka kamati ifanye nini.

Mzee alianza kwa Kiingereza chake kizuri cha dukani. Usalama wa watoto, dhamana ya kocha, maneno ya kuandikwa. Alikwenda hivyo kidogo, kisha sauti ikamkatika. Akamgeukia Valerian, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili.

"Wiki tatu! Mtoto analala amekaa wiki tatu, kila kengele ikilia anauliza, ni kocha? Watu wa msikitini wamekuja. Majirani Wachina wamekuja na supu. Wewe, mtu wa kwetu, hata kunijia mlangoni? Nikufanyie nini uje? Nimekushtaki ndiyo nikuone!"

Yesu na Maria. Nikafumba macho. Kumbe ndiyo hiyo.

Nilipofumbua, Valerian alikuwa anasimama. Alnasir alimshika mkono wa koti, akatikisa kichwa kidogo sana, na nikaona midomo yake ikisema usithubutu. Miaka kumi ya kusoma usiku na mchana ilikuwa kwenye vile vidole vya Alnasir. Valerian alivitazama. Akavitoa kimojakimoja, kwa upole, akazunguka meza.

Akasimama mbele ya msichana. Alifungua mdomo, na kwa muda hakuna kilichotoka, na mimi nilijua anachokiogopa.

"Pole, Ruqayyah," akasema. "Pole kwa kuumia. Pole kwa kukungojesha. Pole, mwanangu."

Mwenyekiti akanitazama mimi juu ya miwani. "Amesema nini?"

Nami nikakwama. Kwa Kiingereza lipo neno moja tu, na nikilitoa nimemnyonga mdogo wangu kwa mkono wangu. Nikisema si hilo, nimedanganya. Hasira zikaniokoa, kama kawaida yangu.

"Amesema alichotakiwa kukisema wiki tatu zilizopita," nikamwambia.

"Ni kuomba radhi?"

"Mama," nikasema, "kwetu ukinyeshewa na mvua nakwambia neno hilo. Ukirudi kazini umechoka, nakwambia. Ukipaliwa na chai, nakwambia. Sasa mvua nimeinyesha mimi?"

"Na kama kosa ni lako kweli?"

"Nakwambia hilohilo."

"Sasa mtu anajuaje ni lipi?"

"Hajui," nikasema. "Ndiyo raha yake."

Mmoja wa wanakamati alicheka, akajikohoza. Alnasir alikuwa ameinamisha uso kwenye viganja. Nilidhani analia kwa ajili ya kesi, kumbe naye alikuwa anacheka, au vyote viwili.

Hapo Ruqayyah akasema. Alisema polepole, kama mtu anayekanyaga barafu kwa mara ya kwanza, anaweka neno, analijaribu, anaweka jingine.

"Nimeshapoa, kocha."

Mzee Akberali aligeuka na kumtazama mtoto wake mdomo wazi. Tangu aanze shule alikuwa hajawahi kumjibu kwa Kiswahili, hata salamu.

"Mimi nilisikia filimbi," akaendelea. "Nilisikia. Ilikuwa... nzuri sana. Sikutaka kusimama."

"Nini?" baba yake akauliza. "Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kumwambia yeye. Nilikuwa namngoja."

Mwenyekiti aliuliza tena amesema nini, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumfasiria. Valerian alikuwa amechuchumaa mbele ya kiti cha yule mtoto, anafuta macho kwa tai. Mwisho Ruqayyah mwenyewe akarudia yote kwa Kiingereza, vizuri, bila kuruka kitu, na la filimbi akalisema mara mbili. Mzee Akberali akasimama. "Mimi nimefuta," akasema. "Yamekwisha." Kisha akanigeukia, na sura bado ngumu. "Na wewe, Anastasia, na chai yako yote ile! Kesho mnakuja kula. Mama yake anapika pilau."

"Tutakuja," nikasema. "Na maandazi naleta."

Kamati iliagiza filimbi ipigwe mara mbili kuanzia siku ile, na mtu mzima asimame ukutani, basi. Juni ile Valerian akaapishwa kuwa wakili, Alnasir ndiye aliyemvalisha joho, na mimi nikapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja. Siku hizi ana ofisi yake Parkdale, na Jumamosi bado anawafumbisha wasichana macho. Lakini hayo ni ya baadaye. Mimi ninachokikumbuka zaidi ni cha kwenye gari, tukirudi kutoka kamatini.

Theluji ilikuwa imeanza tena, ile nzito ya taratibu, na barabara yote imekuwa nyeupe. Mistari haionekani, ukingo hauonekani, huoni barabara inaishia wapi na anga inaanzia wapi. Tulikuwa tunakwenda kana kwamba hatusukumwi na kitu. Tukasimama kwenye taa nyekundu. Valerian alikuwa anatazama mbele, mikono kwenye usukani, na katikati ya weupe ule kulikuwa na mtu anavuka barabara, kavaa kofia yake kubwa, kainamisha uso kwa sababu ya upepo. Akapita mbele ya gari letu. Akainua mkono kidogo kutushukuru kwa kusimama, akaendelea.

"Nimeshapoa," Valerian akasema.

Nikamtazama. "Unamjibu nani? Mimi sijasema kitu."

"Najua, Dada," akasema. "Hata yeye hakusema."

Taa ikawa kijani, tukaondoka.